Nani Amekufa?

Iko hoja ambayo nimeisikia mara nyingi mno katika vikao vya shule, nami siwezi tena kuinyamazia. Husemwa hivi: "Tumekaa chini ya vigae vya asbesto tangu ujana wetu. Nani amekufa?"

Nijibu kama mwalimu. Sumu ya nyoka huua kwa saa. Asbesto haina haraka. Nyuzi zake, ndogo mno hata jicho halizioni, huvutwa kwa pumzi zikakwama kifuani. Saratani iitwayo mesothelioma, inayoshika utando unaozunguka mapafu, aghalabu hujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40, au zaidi. Kijana anayevuta vumbi leo ataugua akiwa babu, na hakuna atakayekumbuka paa.

Mwaka 1960 Dk. J. C. Wagner na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 33 wa maradhi hayo huko Afrika Kusini. Baadhi yao hawakuwahi kufanya kazi mgodini. Waliishi jirani tu. Uingereza ilipiga marufuku asbesto mwaka 1999, Kenya mwaka 2006, Afrika Kusini mwaka 2008. Je, wote hao waliogopa kivuli?

Nami nina deni. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, wanachuo walikata vigae hivyo kwa msumeno, wakafagia vumbi kwa ufagio mkavu. Vilivyovunjika tuliviponda, tukajazia njia ya bweni. Nikasimama pale nikisifu elimu ya kujitegemea! Sikujua. Lakini anayewaamuru watoto hivyo leo, yeye hana udhuru wangu.

Sisemi mkimbilie nyundo. Kigae kizima kisichoguswa hatari yake ni ndogo. Balaa ni kukivunja. Waitwe mafundi wenye mavazi na barakoa zinazofaa. Vigae viloweshwe maji, vishushwe vizima, vifungwe katika nailoni nene, vifukiwe mahali palipoidhinishwa. Ni gharama, sikatai. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wale vijana wangu sasa wanakaribia miaka sitini. Nikisikia mmoja wao anakohoa, moyo hunishtuka. Kamati isiyotaka kulipa leo na iyatunze vizuri majina ya wanafunzi wake. Baada ya miaka 40 itayahitaji, ili ijibu lile swali lake yenyewe: nani amekufa?