Umeme Upimwe, na Maneno Yapimwe
Mkataba wa kupanga nafasi katika kituo cha data hauna budi kufafanua umeme unaoahidiwa. Kilovolti-ampea 100 si lazima ziwe kilowati 100, kwani katika mkondo geu zao la volti na ampea huweza kuzidi nguvu itendayo kazi. Uwiano wake ukiwa 0.8, mpangaji hupata kilowati 80 tu. Aidha, ielezwe kama mitambo ya kupoza kompyuta imo katika hesabu hiyo. Hata ahadi ya umeme kwa asilimia 99.9 ya mwaka huruhusu ukatike kwa zaidi ya saa 8. Kwa hiyo, mwanafunzi anayeandika jibu bila kipimo asisamehewe: kesho kosa hilo litakuwa hasara ya mpangaji.