Nguruwe Haogopi Pikseli

Ukikaa kijiweni Masasi, Newala au Lupaso mahindi yanapoanza kukomaa, hukosi kusikia hukumu hii: nguruwe pori wanatushinda kwa sababu vyombo vyetu ni vya zamani. Pata kipya, utalala. Simu inazungushwa, video inaonyeshwa, Wamarekani wa Texas wanaangusha nguruwe usiku wa manane, doa jeupe moja baada ya jingine. Watu wanatikisa vichwa kwa kijicho.

Mpwa wangu wa Lupaso ameishika imani hiyo kuliko katekisimu aliyofundishwa. Ana bunduki yenye leseni, na juu yake kafunga darubini ya joto, ile inayomwonyesha mnyama gizani kwa joto lake, aliyoinunua mkononi kwa mtu. Sasa anataka kuiuza achukue toleo jipya, na ameniomba nichangie. Nimekataa. Naeleza hapa kwa nini, kwa sababu najua hayuko peke yake.

Tuanze na hesabu. Darubini ya aina anayoitaka ni dola 3,000 na kitu, yaani zaidi ya shilingi milioni 7. Minada ya korosho ya 2024 ilifunguliwa kwa bei iliyovuka shilingi 4,000 kwa kilo. Hata kwa bei nzuri hiyo atahitaji karibu tani mbili za korosho, kabla ya makato, na makato tunayajua. Tena nguruwe hana habari na korosho zake. Anachofukua ni muhogo na karanga. Kijana auze tani mbili za korosho alinde ekari moja ya muhogo, halafu aseme amepiga hatua!

Wauzaji nao wana lugha yao. Kwenye boksi huandikwa umbali wa kutisha, mita 1,800 na zaidi. Huo ni umbali wa kuona kwamba kuna kitu. Kitu gani? Hiyo ni habari nyingine. Mwaka 1958 mtafiti wa jeshi la Marekani, John Johnson, alipima jambo hili, na vipimo vyake vinatumika mpaka leo: kukitambua kitu kwa hakika kunadai undani wa picha zaidi ya mara sita kuliko kugundua tu kwamba kipo. Mita 1,800 zinashuka chini ya 300, tena hewa ikiwa safi. Pikseli zikiongezeka, umbali huo unasogea mbele, sikatai. Lakini nani Lupaso anapiga nguruwe mita 300? Vita vyetu ni vya hatua arobaini, ndani ya mihogo iliyofunga, unyevu wa Machi umetanda. Joto la mnyama halipenyi majani mazito, na halitapenya kwa sababu umelipa zaidi. Kwa hatua arobaini darubini yake ya zamani inatosha, na pale inaposhindwa na majani, mpya itashindwa vilevile.

Jambo linaloniogopesha zaidi halisemwi kijiweni. Darubini iliyofungwa juu ya bunduki haikuruhusu kutazama bila kuelekeza mtutu. Kila unachotaka kukijua, kwanza unakilenga. Njia zetu za usiku zina watu: mama anayetoka msibani, kijana aliyechelewa kilabuni, mtoto aliyetumwa kwa babu. Kati ya majani, wote ni doa jeupe. Na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haikukataza kuwinda usiku bila kibali kwa sababu watunga sheria walikosa kazi.

Turudi Texas, maana video ndiyo iliyotuletea balaa hili. Wale wana darubini za kila toleo, na tangu 2011 sheria yao inawaruhusu kuwapiga nguruwe kutoka kwenye helikopta. Pamoja na hayo, nguruwe wao wanakadiriwa kuzidi milioni 2, na wataalamu wa huko wanasema ni lazima kuondoa kama theluthi mbili kila mwaka ili tu idadi isipande. Wenye helikopta bado wana nguruwe, sisi tunabishana kuhusu kioo.

Kusini kwetu nguruwe hajawahi kuja peke yake. Mwaka 2005 Craig Packer, Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir walichapisha hesabu ya kutisha: tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 560, wengi wakiwa kusini-mashariki, mikoa ya Lindi na Mtwara ikiwemo. (Sehemu kubwa ya miaka hiyo mwana wa Lupaso, Benjamin Mkapa, alikuwa Ikulu. Simba hakujali.) Mashambulizi yalipanda msimu wa mavuno, Machi hadi Mei, watu wanapolala madunguni kulinda mazao. Nguruwe alifuata shamba, simba akamfuata nguruwe, akamkuta mtu. Utafiti mwingine wa 2011 ukaonyesha kwamba usiku wa hatari zaidi ni ule unaofuata mwezi mpevu, saa zile za kwanza za giza kabla mwezi haujachomoza. Huo ndio wakati mpwa wangu anapanda dungu, peke yake, jicho moja limezama kwenye kioo kinachong'aa. Kioo hicho huona upenyo wa nyuzi kumi hivi, na jicho likitoka hapo halioni kitu. Kisogoni hakuna pikseli.

Kilichopungua shambani ni watu. Dungu lililokuwa na watatu sasa lina mmoja. Wengine wako Dar es Salaam kwenye bodaboda. Zamu ya lindo, nyumba tano au sita zikipokezana na madebe na mbwa wao, imekufa, na tunataka betri izibe pengo la majirani. Bibi zetu walikuwa na chombo chao: muhogo mchungu, kwa sababu nguruwe na tumbili hawaushambulii kama mtamu. Nao una gharama yake, maana ukiandaliwa harakaharaka wakati wa njaa huleta ugonjwa wa konzo, na Mtwara tumeona miguu iliyopooza. Lakini bibi alijua anabadilisha nini kwa nini.

Sisemi joto halina kazi. Maasai Mara, mwaka 2016, kamera za joto ziliwasaidia askari kukamata majangili gizani. Zilikuwa za kutazama tu, moja ikiwa juu ya gari, na nyuma yake palikuwa na kikosi kizima chenye redio. Ndiyo maana nimemwambia mpwa wangu: ing'oe hiyo ya zamani kwenye bunduki, ishike mkononi, utazame nayo, na milioni 7 nusu yake ianzishe zamu.

Nimemtumia yote haya kwa WhatsApp juzi. Akajibu kwa sauti, sekunde 6: "Nimekusikia mjomba, lakini hii mpya inarekodi video."