Rula Haitoshi, Ndugu Mwandishi

Mwandishi mmoja wa makala anadai kuwa kuthibitisha mistari sambamba kwa pembe ni kuwachosha watoto bure. Wapewe rula, wapime umbali, basi. Nampinga.

Aje Ngamiani, hapa Tanga, ambako barabara zinaitwa kwa namba. Akitaka umbali kati ya Barabara ya 5 na ya 6, futi kamba ataivuta vipi? Akiilaza mshazari atapata namba kubwa kuliko ilivyo. Lazima ikae nyuzi 90 na barabara. Kumbe ameshatumia pembe, ila hajijui. Tena umbali sawa peke yake hautoshi: reli yetu, iliyoanza kujengwa 1893, ina upana wa mita moja. Mita hiyo hubaki karibu ileile hata kwenye kona, ambako hakuna mstari ulionyooka wa kuuita sambamba.

Pembe hazihitaji kupita uani kwa watu kama futi kamba. Tafuta mtaa ulionyooka unaozikata barabara zote mbili, pima kwenye makutano. Pembe mfanano zikilingana, au mbadala zikilingana, au za ndani za upande mmoja zikifika jumla ya nyuzi 180, kazi imekwisha.

Kosa lake kubwa ni kusema “pembe sawa, basi sambamba” na “sambamba, basi pembe sawa” ni kauli moja. Wapi! Euclid, mwanajiometri wa kale, alizitenganisha: katika juzuu ya kwanza ya kitabu chake, kauli ya 27 na ya 28, za “pembe sawa, basi sambamba”, hazitumii kanuni yake ya tano, ile ya usambamba; ya 29, ya kinyume chake, inaihitaji. Mtoto anayeambiwa athibitishe usambamba, akaanza na “kwa kuwa ni sambamba”, hajathibitisha kitu.