Anayetuchujia habari ndiye anayetutenga

KWA miaka mingi ya siasa za vyama vingi, aliyeingia Mji Mkongwe wa Zanzibar hadi Jaws Corner aliwakuta watu wakinywa kahawa na kuzungumza siasa za upinzani. Alipokwenda Michenzani, kwenye maskani ya Kisonge, alikuta ubao wenye maneno ya kukisifu chama tawala na kuwabeza wapinzani. Kwa miguu ni mwendo mfupi tu. Kwa habari, zilikuwa nchi mbili.

Nani aliwagawa? Hakuna aliyetoa amri kwamba wewe keti hapa na yule akae kule. Kila mmoja alifuata anakosikia ayapendayo. Mchumi wa Marekani, Thomas Schelling, alilionyesha jambo hili mwaka 1971: hata watu wasiochukiana, kila mmoja akitaka tu baadhi ya majirani wawe wa namna yake, wakihamahama hujikuta wametengana kabisa.

Lakini hapa kwetu mchezo huo ulikuwa na refa mwenye upande. Katika uchaguzi wa Oktoba 1995, redio na televisheni za Serikali ya Zanzibar zilimbeba mgombea wa CCM, Dk. Salmin Amour, na kumnyima nafasi sawa Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF. Matokeo yakatangazwa: asilimia 50.2 kwa 49.8. Nchi ya nusu kwa nusu, redio ya nusu moja! Nusu ya pili ikaachiwa minong'ono ya barazani. Tuliyavuna matunda yake: watu waligomeana madukani, na majirani wakafika mahali pa kutozikana.

Wananchi si wabaya. Baada ya maridhiano ya Novemba 2009, viongozi wa pande zote mbili walisema neno moja. Kura ya maoni ya Julai 2010 ilipopigwa, asilimia 66 walisema ndiyo kwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa.

Leo mchujo umehamia kwenye simu. Atakayetia neno la chama kingine katika kundi la WhatsApp, hutolewa. Na Oktoba 29, 2025, siku ya kupiga kura, intaneti ilizimwa nchini. Anayezima taa asishangae watu wakigongana gizani.

Tunasema wazi: ZBC na TBC ni mali ya walipa kodi wote, wa CCM na wa upinzani. Vyama vyote vipewe muda wa haki, na si wakati wa kampeni tu. Intaneti isizimwe tena.

Nasi wapinzani tusijisafishe. Gazeti hili nalo husomwa zaidi na wanaokubaliana nalo. Basi ndugu msomaji, ukilimaliza usilifungie maandazi. Mpe jirani yako wa CCM, nawe uombe lake ulisome. Na akifikwa na msiba, nenda ukazike.