Kabla ya Kilimanjaro, twende Leith Hill

Mkutano wa klabu wa mwezi uliopita ulikaribia kupitisha jambo ambalo sisi watatu wa mwaka wa pili tunalipinga: kuchangisha fedha ili wanachama wakapande Kilimanjaro kiangazi kijacho. Watu walipiga makofi. Nasi tulipiga, maana ile picha ya Kilele cha Uhuru ukutani ilikuwa nzuri kweli. Ni baadaye, tukiwa ndani ya basi, ndipo tulipoanza kuulizana: hivi hasa atakwenda nani?

Bajeti iliyosomwa ni pauni 2,600 kwa kila mtu. Katika wanachama thelathini na ushei, tuliwahesabu saba wanaoweza kutoa hata nusu yake. Na hata fedha zikipatikana, mwenzetu mmoja mwenye asili ya Uvira hawezi kutoka Uingereza, kwa sababu karatasi zake ni mwaka wa tatu huu zinasubiri jibu. Siku ile alikaa mstari wa nyuma. Alipiga makofi pia.

Tunachopendekeza ni vilele vya kaunti. Nchi hii ina watu ambao wikendi zao zinaishia kufika sehemu ya juu kabisa ya kila kaunti, iwe mlima au tuta. Orodha yenyewe inachekesha. Cumbria ina Scafell Pike, mita 978, mlima wa haki wenye mawe na ukungu. Norfolk ina Beacon Hill, mita mia moja na kidogo, ambao ukiupanda huku mnapiga soga mnaweza kufika juu bila kujua. (Ndugu zetu wa Unguja msicheke, kisiwa chote hakifiki mita 150.) London nayo ina Westerham Heights, mita 245, kando ya barabara ya magari kule Bromley, mpakani na Kent. Hiyo utaifikia kwa basi namba 246 na kadi yako ya Oyster.

Hatusemi haya kwa kusoma tu. Oktoba tulikwenda Leith Hill, kilele cha Surrey, mita 294. Tulikuwa watano, na huyo wa Uvira akiwemo. Mama wa mmoja wetu alipiga simu tukiwa kwenye treni ya Dorking, akauliza, "Mnakwenda mlimani kufuata nini, mwanangu? Mbuzi wenu wamepotea?" Kutoka kituoni ni mwendo wa kilomita nane hivi, na sisi tulizifanya kumi na moja kwa kupotea njia mara mbili. Wawili walivaa raba nyeupe. Tusizungumze zaidi habari za raba hizo.

Tunalotaka kulisema ni lililotokea njiani. Kiswahili chetu, tuliogundua siku ile, ni cha ndani ya nyumba. Sisi tuliozaliwa au kulelewa huku tunajua sufuria, mwiko, zulia, funga mlango, umekula, msalimie bibi. Darasani tumeongeza siasa na fasihi. Lakini tulipotoka nje tukawa mabubu. Mti ni mti, ndege ni ndege, basi. Ilibidi tukumbushane mteremko na mwinuko, kijito, gogo, uyoga, bonde, kichaka. Tope lilituletea mjadala wake: wa Uvira alisema potopoto, na neno hilo likashinda hapo hapo, kwa sababu ndivyo viatu vilivyokuwa vikilia. Halafu tukafika kwenye zile ngazi mbili tatu za mbao zinazowekwa kwenye ua wa shamba ili mtu apite na kondoo wasipite. Kwa Kiingereza wote tulilijua jina lake. Kwa Kiswahili, wa Mombasa akasema ngazi, wa Unguja akasema daraja, wa Uvira akasema tuite tu kipandio. Tulisimama pale robo saa, na mzee mmoja na mbwa wake wakingoja kwa adabu tumalize ugomvi ili wapite.

Darasani hatujawahi kubishana hivyo, na tunawaomba walimu wetu walichukulie jambo hili kama mwaliko, si lawama. Mtu habishanii neno la kitu ambacho hajakikanyaga.

Tumeambiwa kwamba kutembea milimani ni starehe ya Wazungu, na kwamba Kilimanjaro ndiyo yetu. Tuanze na hilo la pili. Kisheria hupandi Kilimanjaro bila mwongozaji, na mizigo hubebwa na wapagazi, wengi wao vijana wa rika letu. Ni kazi yao halali na wageni wanahitajika. Lakini tujione: tunawatangulia mikono mitupu, wao wana mabegi yetu vichwani, na sisi tunawasemesha kwa Kiswahili cha kubabaisha tukiwaambia tumerudi nyumbani. Mmoja wetu watatu amewahi kufika Moshi, na anasema aibu hiyo anaijua bila kupanda.

Kuhusu hilo la kwanza, someni habari za Kinder Scout, mita 636, kilele cha Derbyshire. Zamani nyika ile ilifungiwa watu ili wenye mali wawinde ndege. Tarehe 24 Aprili 1932 watu wapatao 400, wengi wao vijana wafanyakazi wa Manchester, waliingia kwa nguvu na kupanda. Aliyewaongoza, Benny Rothman, alikuwa na miaka 20, mtoto wa wahamiaji Wayahudi kutoka Romania. Alifungwa miezi minne. Leo, chini ya sheria ya mwaka 2000, mtu yeyote anaruhusiwa kutembea nyika kama zile bila kulipa wala kuomba ruhusa, ingawa ni kama asilimia 8 tu ya ardhi ya England. Haki hiyo ilidaiwa na mtoto wa wahamiaji wa umri wetu, nasi tunaiacha kwa kuogopa matope.

Kule Leith Hill juu kuna mnara uliojengwa mwaka 1765 na bwana mmoja, Richard Hull. Ukihesabu na mnara, kilima kinapita futi 1,000. Tulisimama chini yake tukagawana sambusa zilizopoa. Kaskazini majumba marefu ya London yalionekana madogo kama njiti. Wa Uvira akatafuta upande lilipo jengo anakokwenda kupiga saini kila mwezi, hakuliona, akasema afadhali. Akapiga picha na kumtumia dada yake, akaandika chini: nimepanda mlima.

Kura ni Jumatano ijayo. Tunaomba pauni 180 za mfuko wa klabu zitumike kwa nauli za safari tatu: Leith Hill tena Machi, Beacon Hill ya Norfolk Aprili, na Kinder Scout Juni baada ya mitihani. Ramani tunayo. Viatu vya ziada vya mpira vipo jozi nne, namba 5, 7, 8 na 11, na anayehitaji atuambie mapema. Sambusa safari hii mama wa Mombasa amesema atatufungia mwenyewe, ila anataka kujua kwanza kama mbuzi walipatikana.