Heshima ya Gazeti ni Kusomwa

Watu wengi hudhani kwamba gazeti lililotimiza miaka mingi limekwisha kuheshimiwa likiandaliwa karamu na kusifiwa kwa hotuba. Nakataa. Karamu humfaa aliyestaafu, na gazeti lenye uhai halistaafu. Kila alfajiri huanza kazi upya.

Utazame, ewe msomaji, mfano wa Taifa Leo. Gazeti hili lilianzishwa na Charles Hayes mwaka wa 1958 kwa jina la Taifa, nalo lilitoka mara moja kwa juma. Mwaka uliofuata likanunuliwa na Aga Khan, na mwaka wa 1960 likawa gazeti la kila siku. Wakati huo Kenya ilikuwa ingali chini ya utawala wa Mwingereza. Lilikuwapo bendera ya Uhuru ilipopandishwa Desemba 1963, na mwaka wa 2020 lilitimiza miaka 60 ya kutoka kila siku. Wenzake hawakujaliwa umri huo. Baraza, lililoanza mwaka wa 1939, halipo tena. Wala Kenya Leo, lililozaliwa katika miaka ya 1980, halipo. Basi tusidhani kwamba kuishi kwa gazeti la Kiswahili ni jambo la lazima.

Wako wasemao kwamba gazeti la Kiswahili ni la bawabu na mchukuzi, na kwamba aliyeelimika hushika la Kiingereza. Maneno haya yana kiburi, tena hayana akili. Kura ya bawabu huhesabiwa moja, na ya tajiri moja. Katiba ya mwaka wa 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Itakuwaje basi mwenye nchi asomewe mambo ya nchi yake na mkalimani?

Tena gazeti ni karakana ya maneno. Mtunga kamusi aweza kungoja mwaka mzima. Mwandishi wa habari lazima apate neno kabla ya jua kuchwa. Katiba ilipoleta serikali za kaunti, ilibidi neno ugatuzi lizoeleke masikioni mwa wananchi. Korona ilipoingia mwaka wa 2020, barakoa, vazi la uso la wanawake wa pwani, likapewa kazi mpya katika vinywa vya watu wote. Maneno kama haya hayaenezwi na kamusi iliyofungiwa kabatini. Na ukurasa wa mashairi je? Humo watu wa kila kazi hushindana kwa vina na mizani, wala hawaulizwi vyeti vya shule.

Wengine husema, “Habari zote zimo katika simu, gazeti la nini?” Nami nawauliza: ukidanganywa na habari isiyo na mwenyewe, utakwenda kubisha hodi kwa nani? Uvumi hauna mlango. Gazeti lina mhariri, lina anwani, na likikosa huweza kudaiwa radhi, hata kushtakiwa mahakamani.

Walakini kumheshimu mzee si kumwambia kwamba kila atendalo ni jema. Gazeti la Kiswahili lisikubali kuwa kivuli cha gazeti la Kiingereza, kutafsiri leo yaliyoandikwa kwingine. Liende lenyewe sokoni, bandarini na shambani, liwasikilize watu wakinena kwa lugha yao. Likiandika Kiswahili kibovu, likosolewe. Wako wazazi wanaoogopa kwamba makosa ya gazeti yatamharibu mwanafunzi. Lakini mwanafunzi aliyeweza kuliona kosa na kulisahihisha amekwisha kusoma somo kubwa.

Kwa hiyo, wewe uliye shuleni, usingoje sherehe nyingine. Changeni senti zenu darasani mnunue nakala moja kila juma. Isomeni kwa sauti, mbishane juu ya tahariri yake, kisha mmwandikie mhariri barua ya kumuunga mkono au kumpinga. Gazeti lisilosomwa hufa hata kama limesifiwa na wafalme. Lisomwalo na kubishiwa huishi, nayo lugha yetu huishi pamoja nalo.