Asilimia 35 Imejenga Kiwanda Gani?

Kila Juni Waziri wa Fedha huingia bungeni na mkoba wake, akasoma kurasa na kurasa, na mahali fulani katikati ya hotuba hutaja ushuru uliopandishwa ili kulinda viwanda vya nyumbani. Wabunge hupiga meza. Hakuna anayeinuka kuuliza ni viwanda vipi hivyo, vitalindwa mpaka lini, na vimekua kiasi gani tangu vilindwe mara ya mwisho.

Basi nitauliza mimi, na nitauliza kuhusu magari, kwa sababu hapo ndipo uongo wa kulinda viwanda ulipolipiwa ghali zaidi.

Ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliweka magari yaliyokamilika kwenye asilimia 25. Tangu Julai 2023 Kenya imejiombea ruhusa ya kutoza asilimia 35. Sababu iliyotolewa ni ile ile: tuwape nguvu wanaounganisha magari hapa nchini. Sasa tufuate fedha hizo tuone zinaishia wapi.

Chukua mwalimu aliyekopa kwenye sacco akaagiza Vitz au Demio iliyotumika Japani, injini ya chini ya cc 1500. Tuseme Mamlaka ya Mapato, KRA, imeikadiria shilingi 500,000. Kumbuka kwamba hiyo si lazima iwe bei aliyolipa yeye. Mamlaka huanza na bei ya gari jipya la aina hiyo, ikatoa uchakavu, ikapata thamani yake yenyewe. Ushuru wa forodha wa asilimia 35 ni shilingi 175,000. Sasa gari ni 675,000, na juu ya jumla hiyo unatozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20, yaani 135,000. Sasa ni 810,000, na juu ya hizo unatozwa VAT ya asilimia 16, yaani 129,600. Ameshalipa kodi ya shilingi 439,600 kwa gari la shilingi 500,000, na bado hajafika kwenye ada ya tamko la uagizaji, tozo ya reli, gharama za bandari na wakala wa forodha. Kodi imelipiwa kodi, nayo ikalipiwa kodi nyingine.

Mwalimu huyu anaambiwa avumilie, maana anajenga viwanda. Kiwanda gani? Karakana kubwa tulizo nazo, Isuzu jijini Nairobi, KVM kule Thika na AVA mjini Mombasa, kazi yao kubwa ni malori, mabasi na pikapu. Volkswagen ilirudi Thika mwaka 2016 na Polo Vivo, lakini gari jipya si gari la mshahara wa mwalimu. Kwa hiyo ushuru wa Vitz haumfukuzi mnunuzi kutoka kwa Mjapani ukamleta kwa Mkenya. Humfukuza kutoka kwenye Vitz ya miaka saba ukampandisha bodaboda, au ukamwachia gari la jirani lililokwisha kulala kila gereji ya mtaani.

Hapa ndipo penye kiini cha kesi yangu. Ushuru wa kulinda kiwanda, ukifanya kazi yake, hupunguza mapato yake wenyewe mwaka baada ya mwaka: watu huacha kuagiza kwa sababu cha nyumbani kimepatikana. Hazina yetu inaupanga ushuru huu kwenye bajeti kama mapato ya kutegemewa. Waziri anayehesabu mabilioni ya shilingi za magari ya mitumba hawezi kuomba kwa moyo mmoja kwamba mitumba ikome. Ikikoma leo, kesho ana pengo. Serikali ndiyo mfaidi mkubwa wa kila gari linaloteremshwa melini Kilindini, kuliko muuzaji wa Japani na kuliko mwenye yadi wa Barabara ya Ngong. Halafu inatuhubiria uzalendo.

Kama hamniamini, tazameni muda wa ulinzi wenyewe. Asilimia 35 hii ni ruhusa maalumu ya kukwepa ushuru wa pamoja, na ruhusa hizo hutolewa kwa mwaka mmoja mmoja, zikatangazwa kwenye gazeti rasmi la Jumuiya kila katikati ya mwaka. Mtu anayetaka kuleta mashine za kufyatua bodi za magari huhesabu miaka 15, miaka 20, kabla ya fedha yake kurudi. Nani atajenga kiwanda cha miaka 20 juu ya ruhusa ya miezi 12? Mwekezaji mwenye akili huangalia karatasi hiyo akaamua jambo moja: aunganishe kidogo, afaidi msamaha uliopo, asizamishe fedha nyingi ardhini, maana mwakani hesabu zaweza kubadilika. Na ndivyo wafanyavyo. Siwalaumu wao. Namlaumu aliyewaandikia sheria ya namna hiyo.

Tena hii si mara ya kwanza. Karakana zetu za kuunganisha magari zilianzishwa katikati ya miaka ya 1970, serikali ikiwa mwenyehisa, zikalindwa kwa vibali vya uagizaji hadi soko lilipofunguliwa miaka ya 1990. Ni nusu karne sasa. Kiwanda kichanga huombewa huruma, sawa, lakini mtoto wa miaka 50 bado anabebwa mgongoni na anataka nyonyo! Waliosema mchelea mwana kulia hulia yeye walimaliza somo zima la sera ya viwanda. Magari yanayounganishwa Kenya kwa mwaka mzima hayafiki 20,000, na mengi yake hufika kama vipande ndani ya makasha, vikiwa vimesamehewa ushuru wa forodha, vikafungwa pamoja hapa. Msamaha huo ungekuwa na maana kama kila baada ya miaka michache kipande kimoja zaidi kingetolewa kwenye kasha na kutengenezwa hapa. Mwananchi wa kawaida atasoma wapi leo ni sehemu gani ya kila gari linalotoka karakana fulani iliyotengenezwa nchini? Mnatulipisha kwa ajili ya mtoto, mtuonyeshe basi kadi yake ya kliniki.

Wakati huohuo kiwanda cha kweli cha magari kipo, na mnakikaba koo. Nendeni kwenye karakana za bodi za matatu Nairobi. Lori hufika pale likiwa chasi na kichwa tu. Mafundi hukata mabomba ya mraba, wakachomelea mbavu za basi moja baada ya nyingine, wakakunja bati la kuezekea na la ubavuni, wakatengeneza fremu za viti, wakazivika sponji na reksini, wakaweka vioo, wakavuta nyaya za taa na spika. Bodi hiyo ina kiwango chake rasmi, na hukaguliwa kabla ya matatu kuingia barabarani. Hakuna mhandisi wa Tokyo aliyechora kitu kile. Kimechorwa na kujengwa hapa, na vijana waliojifunza kuchomelea hapa.

Sasa huyu fundi analindwa na nini? Bati na mabomba anayotumia ni chuma, na chuma nacho kina walinzi wake. Mabati na mabomba mengi kutoka nje hutozwa ushuru wa asilimia 25 au 35 ili kulinda wenye viwanda vya chuma, na mwaka 2023 Sheria ya Fedha ikaongeza tozo ya asilimia 17.5 juu ya baadhi ya chuma ambacho hakijakamilishwa kutoka nje. Kwa hiyo chasi huja kwa msamaha, na chuma cha kuivisha bodi huja kwa adhabu. Aliyefunga bolti za watu anapewa nafuu, aliyejenga kwa mikono yake anatozwa. Hata mchumi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba ulinzi hupimwa kwa kutoa ushuru wa malighafi kutoka kwenye ushuru wa bidhaa iliyokamilika. Fanya hesabu hiyo kwa fundi wa bodi uone kama kuna kilichobaki.

Na vipuri je? Sameer ilifunga kiwanda chake cha matairi jijini Nairobi mwaka 2016, ikaendelea kuuza matairi yaliyotengenezwa nje. Kule Arusha, General Tyre iliyokuwa ikivisha malori ya ukanda huu tangu miaka ya 1970 ilinyamaza kabla ya hapo. Tunazungumza juu ya kutengeneza gari zima ilhali tumeachia tairi, kitu ambacho kila gari, la mitumba au jipya, hukihitaji tena na tena. Betri bado tunatengeneza, springi bado tunatengeneza, na wanaozitengeneza hawana wa kuwapigia meza bungeni.

Watetezi wa asilimia 35 watasema kila nchi iliyoendelea ilianza kwa kufunga mlango. Ni kweli, na mimi si mhubiri wa soko huria. Korea Kusini ilifunga mlango, lakini mtawala wake Park Chung-hee aliwabana wenye viwanda wauze nje. Hyundai ilitoa Pony mwaka 1975 na mwaka uliofuata ilikuwa ikisafirishwa Ekuado. Afrika Kusini imewafungia raia wake mitumba ya nje, lakini tazama ilivyofanya kwa magari mapya. Mpango wake ulioanza mwaka 1995 ulishusha ushuru kutoka asilimia 65 hadi 25 ifikapo mwaka 2012, ngazi kwa ngazi, kwa ratiba ambayo kila kampuni iliijua mapema. Kampuni iliyouza magari au vipuri nje ilipata haki ya kuingiza vingine kwa ushuru nafuu; iliyolala ililipa. Leo nchi hiyo hutengeneza takriban magari 600,000 kwa mwaka, na mwaka 2023 iliuza nje karibu 400,000. Ushuru ulishuka, uzalishaji ukapanda.

Nigeria ikachagua njia tunayoifuata sisi. Mwaka 2013 ilitangaza sera ya magari, ushuru na tozo ya gari jipya kutoka nje vikafika asilimia 70 kwa pamoja. Watu wa Lagos hawakukimbilia kununua magari ya Lagos. Walikwenda Cotonou, nchini Benin, ambako magari yaliteremshwa kwa bei nafuu na kuvushwa mpaka usiku. Viwanda vingi vilivyozinduliwa kwa mbwembwe vikabaki na majengo mengi kuliko magari. Kufikia Sheria ya Fedha ya 2020, serikali iliikata tozo ile hadi asilimia 5. Nao walitumia neno hilohilo, kulinda.

Ukiniambia basi tufute ushuru wote twende zetu, nitakukatalia pia. Australia ilishusha ushuru wa magari kutoka zaidi ya asilimia 50 katika miaka ya 1980 hadi asilimia 5, na Oktoba 2017 Toyota na Holden wakafunga viwanda vyao vya mwisho. Tofauti ya nchi hizi haiko kwenye namba ya ushuru. Iko kwenye sharti linaloambatana nayo, na ujasiri wa kumnyima asiyetimiza.

Sisi sharti hatuna, na soko lenyewe tumelikatakata. Jumuiya ina watu zaidi ya milioni 300, lakini Uganda ina Kiira kule Jinja, Rwanda ina Volkswagen jijini Kigali, Tanzania ina karakana za malori Kibaha, na Kenya ina zake. Kila mmoja anaomba ruhusa yake ya ushuru, kila mmoja anashuku asili ya basi la jirani likifika Namanga au Busia. Hakuna kiwanda cha gia wala cha injini kitakachosimama kwa kuuzia nchi moja magari 15,000.

Kwa hiyo nataka mambo manne, na si ombi.

Ushuru wa magari uandikwe kwenye sheria yenye miaka isiyopungua kumi, ukionyesha utakavyoshuka mwaka kwa mwaka, na usiguswe kila Juni.

Kila kampuni inayoingiza makasha bila ushuru itangaze hadharani kila mwaka ni sehemu gani ya gari lake imetengenezwa Afrika Mashariki. Isiyopanda ngazi irudishe msamaha wote iliofaidi.

Chuma, reksini, vioo na malighafi zote za fundi wa bodi na mtengeneza vipuri viingie kwa nafuu ileile anayopewa mwenye makasha.

Na ile asilimia 10 iliyoongezwa mwaka 2023 iwekwe kwenye mfuko wake, isomewe hesabu zake peke yake, ili tujue ni mashine ngapi imenunua na vijana wangapi imewafunza. Kama hamtaki kuiweka mfukoni humo, iondoeni mumrudishie mwalimu shilingi zake.

Najua jibu litakalokuja: bajeti ina pengo. Vyema. Semeni hivyo basi, simameni mbele ya watu mseme mnahitaji fedha, na tubishane kuhusu fedha kama watu wazima, tukiuliza pia zinakoibiwa. Mnachokatazwa ni kututoza kwa jina la kiwanda kisichokuwapo. Mwaka 2027 hauko mbali. Mbunge atakayekuja kuniomba kura aje na jina la kiwanda kimoja kilichojengwa na asilimia 35, kilipo, kinachotengeneza nini, na watu wangapi wanaingia zamu ya asubuhi. Asipokuwa nalo, asipoteze mafuta ya gari lake kunifuata.